Mkataba wa kazi: nimpelekee wakili au AI inatosha?

Mtunza Stoo Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mkataba nimepewa jana, kurasa 9, Kiingereza kitupu, na Ijumaa wanautaka ukiwa umesainiwa. Wakili niliyemuuliza ametaja 150,000, na mimi nina miezi minane sina kazi.

Nikaupiga picha nikaupandisha kwenye AI. Kusema kweli imenisaidia, imenifafanulia ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili. Kinachoninyima usingizi ni kipengele cha 11: upungufu wowote wa mali stoo utakatwa kwenye mshahara wangu bila taarifa. Mwanzo AI ikasema hicho ni cha kawaida kwa kazi za stoo. Nikaiuliza, "una uhakika?" Ikaomba radhi, ikasema ni kinyume cha sheria. Sasa nishike lipi? Saruji kila lori likishusha mifuko inapasuka, na mimi ndiye nitakayelipa? Naombeni ushauri.

Binti Kirumba
Hongera kwa kazi kaka. Uliupandisha ukiwa na jina lako na namba ya NIDA? Siku nyingine ziba kwanza.

Mtunza Stoo Nyakato
Sikuziba dada. Hilo sikuliwaza kabisa.

Afisa Kazi Mstaafu
Kijana, jibu la pili ndilo lililokaribia ukweli, ila limekuja kwa sababu ulilibana, na ungelibana tena lingeweza kugeuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu makato ya namna hiyo. Upotevu uwe umetokea kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akuandikie sababu, kiasi, na alivyokipata. Upewe nafasi ya kupinga. Na hata ukikubali, makato hayo hayavuki robo ya mshahara. Mfuko uliopasukia mikononi mwa vibarua wa lori si kosa lako kwa sababu tu funguo za stoo unazo wewe.

Angalia pia likizo. Kama AI imekwambia siku 21, hiyo ni sheria ya Kenya. Yetu ni siku 28 mfululizo kwa mwaka. Nimeona vijana wengi wakichanganyiwa hapo, maana maandishi ya Kenya kuhusu ajira yamejaa mtandaoni kuliko yetu. Saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu, unalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Baba Junior wa Igoma
Mimi yalinikuta. Niliachishwa kazi, nikaiuliza AI nina muda gani wa kulalamika. Ikajibu miezi mitatu, nikatulia. Nafika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wiki ya saba naambiwa mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Nikaanza na maombi ya kuongezewa muda, kujieleza kwa nini nilichelewa, kabla hata kesi yenyewe haijasikilizwa. Ndugu yangu, kwa kitu chenye tarehe au hela, muulize mtu.

Binti Kirumba
Na si lazima umpe wakili kurasa zote 9. Mwambie una vipengele viwili vya kuangaliwa, mpatane upya. Au nenda kwa wasaidizi wa kisheria, wale hawatozi.

Mtunza Stoo Nyakato
Asanteni sana. Wakili amekubali kuangalia cha 11 na cha muda wa majaribio kwa 40,000, kesho saa nne. Likizo nimeitazama, wameandika 21! Nimempigia dada wa HR kwa upole, hakukasirika. Kasema mkataba ulinakiliwa kutoka ofisi yao ya Nairobi, nimwandikie ninavyotaka visomeke. Hapo ndipo nimekwama, mzee wangu.

Afisa Kazi Mstaafu
Andika kifupi: "Makato yoyote ya upotevu wa mali yatafanywa kwa utaratibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, baada ya mfanyakazi kupewa maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea." Kwenye likizo, futa 21 weka 28. Mwonyeshe wakili kesho kabla ya kutuma. Na siku ya kuripoti, omba mhesabu stoo pamoja, mfuko kwa mfuko, wote msaini.