MJADALA: Mwanamke wa kuigwa na mabinti zetu lazima awe hana doa?

Habari zenu wadau. Naomba tujadili hili bila matusi maana naona linatuhusu wote wenye mabinti, wadogo zetu na wapwa.

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake, ni yale yale. Shule inaalika mgeni rasmi, anashuka mheshimiwa kwenye VX, anawaambia wanafunzi wasome kwa bidii siku moja wawe kama yeye, makofi, picha ya pamoja, anaondoka. Jioni wale wale mabinti wanaingia Insta na TikTok wanakutana na dada ana mjengo, ana ndinga, leo Dubai kesho Zanzibar, na hakuna sehemu hata moja anaeleza hela imetoka wapi. Halafu sisi wakubwa tunakuja juu, oooh kizazi hiki kimeharibika kinaiga wadangaji. Sasa tulimpa nani mwingine? Huyo wa VX na huyo wa Dubai kwa binti wa form two pale Kahama au Mbagala wote ni sawa tu, anaona walipofika, njia waliyopita haioni.

Na tukimpata mwanamke ambaye njia yake inajulikana yote mwanzo mpaka mwisho, hapo ndio tunaanza vikwazo. Kaachika huyo. Alizalia nyumbani. Hana mume. Hakusoma.

Nitatoa mfano uliotugombanisha kwenye grupu letu la familia. Mpwa wangu wa form three alisema mwanamke anayemtamani ni dada mmoja wa mtaani kwao. Huyo dada alipata mimba akiwa form two, shule ikawa basi, mwanaume akakimbia, mtoto akalelewa na bibi. Baada ya muda akajiandikisha QT, ule mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule, akafanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, matokeo ya kwanza mabaya akarudia, akaenda chuo cha afya, leo ni nesi wa zahanati na mtaa mzima unamuita sista. Basi wajomba wakawaka, eti unamfundisha mtoto kwamba mimba sio tatizo, mwambieni amuige waziri fulani. Mimi nikabisha na bado nabisha.

Kwanza tujiulize nani anaweza kumweleza binti wa miaka 15 hasara ya mimba za shuleni vizuri kuliko huyo sista? Waziri atamsomea hotuba. Sista atamwambia alivyokuwa anasoma usiku huku mtoto analia, alivyokuwa anawaona wenzake wanapita na sare na yeye yupo na ndoo ya maji kichwani, atamwambia na jina la somo lililomfelisha. Pili, tukumbuke tumetoka wapi. Mwaka 2017 mabinti waliojifungua walitangaziwa kwamba hawarudi shule za serikali, mpaka Novemba 2021 ndio serikali ikaruhusu warudi. Wapo wengi waliodondokea hapo katikati na kuna waliojipambania wenyewe kwa njia ya QT. Hao tukisema sio wa kuigwa kwa sababu walipata mimba, tunamwambia nini yule aliyerudi darasani leo na anachekwa na wenzake? Kwamba hata akimaliza, hata akiwa daktari, doa lake litabaki pale pale?

Na wanaosema heshima ya mwanamke ni ndoa na vyeti, naomba wanijibu kuhusu Bibi Titi Mohamed. Barabara ya Dar ina jina lake, kila siku mnapita mkikimbilia posta. Shule alisoma kidogo tu ya msingi. Alikuwa muimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma, na wakati ule kama sasa wapo waliowaona wanawake wa ngoma ni wahuni. Aliolewa zaidi ya mara moja. Mwaka 1955 alipoanza kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, alipita kwenye vile vile vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza maandazi, akawaingiza kwenye chama kwa maelfu wakati wasomi wengi wa kiume walikuwa waajiriwa wa serikali ya mkoloni wakiogopa kazi zao. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa 1972. Kwa vigezo vya wajomba zangu huyu mama angekatwa raundi ya kwanza! Na bila yeye na wenzake TANU isingekuwa ile TANU, huo ndio ukweli.

Sisemi kila aliyeteseka ni mfano, hapana. Na sisemi urembo ni dhambi, hapo naona walezi wengi tunakosea sana. Flaviana Matata alikuwa Miss Universe Tanzania 2007, akaenda Mexico na kichwa kimenyolewa kipara akaingia kumi bora, na ni mtoto aliyempoteza mama yake kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba 1996. Leo ana taasisi inayosaidia mabinti kusoma. Huyo ni mrembo na hela yake inajulikana imetoka wapi, kazi ya mitindo. Binti akisema nataka kuwa kama Flaviana sioni kwanini apigwe vita, mpe na habari nzima ya jinsi alivyofika.

Halafu kuna Rebeca Gyumi ambaye nashangaa mashuleni hatajwi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, mvulana ni 18. Huyu dada mwanasheria alienda mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi 2016, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikasema vifungu vile vinavunja katiba. Hakuwa waziri wala mbunge. Alichukua sheria akaisoma akakuta ina ubaguzi akafungua kesi, yaani hiyo ni njia ambayo binti yeyote anayesoma sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, anaweza kuipita.

Wanasiasa mimi nawaweka pembeni kidogo, sio kwamba hawafai, wapo kina mama Gertrude Mongella aliyesimamia mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing 1995 na hakuna wa kumbeza, ila ukimtaja aliyepo madarakani leo mjadala unageuka wa vyama na binti anasahaulika. Wachezaji nao wasiachwe, Aisha Masaka na Clara Luvanga wamecheza mpira nje ya nchi na bado kuna wazazi wanamchapa mtoto wa kike akikutwa uwanjani.

Kwahiyo nauliza, na nataka majibu ya kweli: wewe mzazi, ungekubali shule imualike yule sista nesi aongee na wanao badala ya mheshimiwa? Kama hapana, sababu ni ipi hasa, ni mimba au ni kwamba hana jina kubwa? Na kina dada mliopo humu, tajeni mwanamke mmoja ambaye mlimuona kwa macho, sio kwenye simu, na mseme alifanya nini mpaka na nyie mkajaribu.