Naomba ushauri: modeli inapitwa na jumbe za dharura

Habari zenu wanakikundi. Mimi ni mtafiti hapa Nairobi. Nafunza modeli ya kompyuta ichambue jumbe za simu ambazo akina mama wajawazito huitumia kliniki: ipi muuguzi aijibu mara moja, ipi ingoje. Za dharura ni chache mno, kwa hiyo hata modeli ikisema "si dharura" kila mara inapata alama nzuri. Alama za bure hizo, ikiwa mama anayetokwa na damu ameachwa kwenye foleni.

Nimeongeza uzito wa makosa ya aina hiyo, nikashusha kizingiti, yaani kiwango cha uhakika ambacho modeli ikikifikia inasema "dharura". Sasa inanasa nyingi, lakini wauguzi wanalalamika kwamba kengele za uongo zimezidi. Halafu kuna Sheng, lugha ya mtaani: mtu akiandika "tumbo inauma mbaya, mtoi hachezi", inababaika.

Mliofanya kazi kama hii, mlikubaliana vipi na wauguzi kuhusu kizingiti? Pia nataka kuzitumia jumbe hizo kufundishia wanafunzi wangu. Majina na nambari nimefuta, ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Niwaombe akina mama idhini upya, au kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kinatosha?