Naomba ushauri: Duara za mkaa wa kale kando ya tanuru la chuma, shambani Ufipa

Habari za leo wadau. Nina shamba la urithi Nkasi, Rukwa. Pembeni limesimama ilungu, lile tanuru refu la udongo ambalo wazee wetu Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Limebomoka upande mmoja, lakini matundu ya chini ya kuingizia hewa bado yanaonekana. Ilungu halikuhitaji mivukuto ya kupulizia moto. Upepo ulijivuta wenyewe kwenye mirija ya udongo. Mivukuto ilitumika baadaye kwenye kintengwe, tanuru dogo la kusafishia chuma.

Mavi ya chuma, yaani taka ngumu zilizobaki baada ya kuyeyusha, yametapakaa kila mahali. Kinachonisumbua ni duara mbili za udongo mweusi, hatua kama arobaini juu ya mteremko. Nilichimba kiganja kimoja tu nikakuta vipande vya mkaa mgumu, pete za mti zikionekana wazi, na udongo mwekundu ulioungua chini yake. Nikaacha hapohapo, nikafukia.

Shemeji yangu anataka kuleta trekta mvua zikianza. Kwa kweli roho inaniuma.

Naomba mnisaidie: nitajuaje kama hapa ndipo walipochomea mkaa wa ilungu, au ni tanuri la wachoma mkaa wa juzijuzi? Vipande hivyo vinaweza kutambulisha aina ya mti na umri? Najua Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, ila nianzie wapi: serikali ya kijiji, afisa utamaduni wa wilaya, au chuo kikuu? Aliyewahi kupitia hili anielekeze tafadhali.