Ukungu wa asubuhi mabondeni: tupeane uzoefu

Mkulima wa Vinyungu: Wakuu, leo nimetoka Njombe mjini, kilimani jua linawaka. Kushuka bondeni, sioni hata taa ya bodaboda niliyopanda. Waliowahi kukwama waseme.

Dada Makete: Juni na Julai ndiyo zake. Tumezoea.

Mpenda Hewa: Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto haraka. Hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni. Ya juu inabaki na joto na kufunika kama mfuniko wa sufuria. Unyevu unanaswa chini, unakuwa ukungu. Hata moshi wa jikoni unapanda kidogo, unalala.

Mtoto wa Limuru: Kwetu Julai unashinda mpaka mchana, na hatuko bondeni!

Mpenda Hewa: Hilo ni wingu la chini, linaletwa na upepo wa kusini-mashariki.

Mtoto wa Limuru: Likinigusa pua ni ukungu. Usinifundishe kwetu.

Bibi Uyole: Mimi uchungu ulinishika alfajiri, zahanati iko ng'ambo ya bonde. Bodaboda kuwasha taa kubwa, mwanga wote ukaturudia usoni. Akazima, akawa anakokota pikipiki huku anapapasa ukingo wa barabara kwa mguu. Mume wangu katangulia anapiga mluzi tufuate sauti. Mara mluzi ukakatika. Kimya! Kumbe katumbukia mferejini. Nilisahau uchungu, nikamtukana yeye na ukoo wake. Tukapandisha upande wa pili, ghafla tuko juani, kanga imelowa chapachapa, na mtoto akaamua hapohapo. Mama mmoja aliyekuwa anaenda sokoni ndiye aliyempokea.

Utingo Mstaafu: Mzee alivunjika?

Dada Makete: Watu wanauliza mzee! Mtoto je?

Bibi Uyole: Mtoto sasa anaendesha Fuso. Mzee yuko salama, ila mluzi hajaurudia.

Utingo Mstaafu: Dawa ni kufuata taa za gari la mbele.

Dereva wa Mbalizi: Umfuate mpaka kwake akupe chai? Washa taa za chini, teremsha kioo usikilize.

Mkulima wa Vinyungu: Mimi nangoja saa tatu, jua lipashe ardhi. Kinachoniuma ni viazi: vya bondeni vimeunguzwa na baridi, vya jirani mteremkoni vizima.

Dada Makete: Hamia mteremkoni.

Mkulima wa Vinyungu: Na maji ya kumwagilia kiangazi utanibebea wewe?