Tupeane uzoefu: ulichaguaje gari jipya la familia, na mkopo wa kwa wakala ulikwendaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mtoto wa tatu yuko njiani na gari tulilonalo halitatutosha. Nimekubaliana na mwenzangu kwamba safari hii tunachukua jipya, zero kilometa, kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda, na sehemu kubwa ya bei itatoka kwenye mkopo. Nimeshazunguka kwa mawakala kadhaa na kuna jambo linanikera: kila meza ninayokaa, swali la kwanza ni "kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Bei ya gari yenyewe inakuja baadaye, tena kwa kuivuta.

Naomba tusibishane chapa ipi ni bora, hizo mada zipo tele. Aliyepitia aseme alipima nini kabla ya kuchagua, alilipaje, na mkataba ulisema nini alipousoma wote. Walionunua taslimu nao wanakaribishwa.

Mama Watatu

Hongereni kwa mtoto. Nitaongelea upande wa kuchagua, wa mkopo nawaachia wengine.

Sisi tulikwenda kwa wakala na viti vyote vitatu vya watoto, kigari cha kusukuma, na watoto wenyewe. Muuzaji alishangaa kidogo, lakini nilimwambia siwezi kusaini kitu ambacho sijakiona kinafanya kazi. Gari la kwanza tulilolipenda kwenye picha lilishindwa hapohapo. Ndani lilionekana pana, ila viti vitatu havikukaa sambamba siti ya nyuma. Cha katikati kilibana mpaka mkono haukufika kwenye kifungio cha mkanda. Mtu akikwambia gari ni la watu watano, muulize ni watano wa namna gani.

Angalia pia vishikizo vya ISOFIX, vile vya kubana kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari bila mkanda. Kiwango chake cha kimataifa kimekuwapo tangu 1999, lakini magari mengi yanaviweka kwenye siti mbili tu za pembeni nyuma. Kiti cha tatu utakifunga kwa mkanda, kwa hiyo hakikisha ulicho nacho kinaruhusu hivyo. Na kwa kuwa wako ni kichanga, kumbuka kiti kinachotazama nyuma kinakula nafasi ya siti ya mbele. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, kwa hiyo hilo si jambo la wiki chache. Mwambie dereva mrefu kuliko wote nyumbani akae mbele ya kiti hicho, asogeze siti yake anavyoizoea, ndipo muone kama magoti yamebaki salama.

Ukishawishika kuchukua la safu tatu, nyanyua safu ya tatu kisha fungua buti. Mengi yanabaki na nafasi ya mifuko miwili ya sokoni. Halafu soma kibandiko cha uzito kwenye nguzo ya mlango, au kitabu cha gari. Watu saba wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 455 kabla hujaweka begi hata moja, na yapo magari ya siti saba ambayo uzito unaoruhusiwa hauzidi hapo kwa kiasi kikubwa. Hili nililigundua kwa kusoma mwenyewe. Hakuna aliyeniambia.

Tuliishia na gari refu la milango ya kuteleza, ambalo mume wangu hakulipenda kwa sura. Sasa hivi ndiye halishuki.

Mdau wa Usalama

Naongezea kwa dada hapo juu. Nyota za majaribio ya kugongesha zisomeni pamoja na mwaka. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, walianza kutoa matokeo 1997 na tangu hapo masharti yamekazwa mara kwa mara, hivyo nyota tano za zamani hazilingani na nyota tano za leo. Pia jina moja la gari linaweza kuuzwa soko moja likiwa na mifuko sita ya hewa na soko jingine likiwa na miwili. Uliza la kwako lina mingapi, iandikwe kwenye oda.

Karani wa Mikopo Mstaafu

Nimefanya kazi dawati la mikopo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mkopo wa gari ndio uliokuwa ukinipa huzuni kuliko mingine, kwa sababu watu walikuja wakiwa wameshalipenda gari. Mtu aliyeshapenda hasomi.

Kijana, jambo la kwanza kuuliza ni hili: riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki, au kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho? Asilimia inaweza kuwa ileile mdomoni na gharama ikawa karibu mara mbili. Chukua mkopo wa 100, sarafu yoyote upendayo, riba 10% kwa mwaka, miaka 4. Riba ikifuata deni linalopungua, utalipa riba ya kama 21.7 kwa jumla. Ikihesabiwa kwenye 100 ileile miaka yote, utalipa riba ya 40. Ukitaka kuilinganisha hiyo ya pili na ya kwanza kwa haki, ni sawa na mkopo wa riba inayopungua wa karibu 17.6%. Mteja anaona "10%" kwenye karatasi zote mbili na anachagua penye kianzio kidogo.

La pili ni muda. Riba inayopungua ya 12%, mkopo wa 100: kwa miaka 3 rejesho la mwezi ni 3.32 na riba yote ni 19.6. Ukirefusha hadi miaka 6, rejesho linashuka hadi 1.96, moyo unatulia, lakini riba inafika 40.8. Ndiyo maana wanakuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Rejesho wanaweza kulishusha watakavyo kwa kukuongezea miaka, bila bei kushuka hata senti.

La tatu, jua kwamba wakala anayekuuzia gari mara nyingi analipwa kamisheni na benki anayokupeleka. Uingereza ilikuwepo mipango ambayo muuzaji alikuwa na uhuru wa kupandisha riba ya mteja ili kamisheni yake ikue, na mamlaka yao ya fedha, FCA, ilipiga marufuku mtindo huo kuanzia tarehe 28 Januari 2021. Sisemi kila wakala anafanya hivyo. Nasema nenda kwanza benki yako au chama chako cha kuweka na kukopa, upate ofa kwa maandishi, ndipo uingie kwa wakala nayo mfukoni. Akikupa nafuu kuliko hiyo, chukua yake kwa furaha. Asipoweza, huna cha kupoteza.

Binti wa Pwani

Shikamoo mzee wangu, umenifungua macho. Sisi nyumbani hatuchukui riba, kwa hiyo tulitumia murabaha. Benki ndiyo iliyonunua gari kwa wakala, ikalimiliki, kisha ikatuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa tangu siku ya kwanza, tukalipa kwa awamu. Nilichokipenda ni kwamba bei haibadiliki hadi mwisho. Ila wanaofuata njia hii wasiache kulinganisha: faida ya benki nayo ni gharama, iwekeni pembeni ya mikopo mingine muone inazidi kwa kiasi gani. Na ulizeni mapema kama mkimaliza kabla ya muda mtapunguziwa, kwa sababu benki nyingi zinaamua hilo kwa hiari yao.

Karani wa Mikopo Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, na hapo pa kumaliza mapema hata kwenye mikopo ya kawaida kuna mitego. Yapo mikataba yenye adhabu ya kulipa deni kabla ya wakati. Nilikuwa nawaambia wateja waitafute hiyo ibara kabla ya nyingine zote.

Mnunuzi wa Pili

Uzoefu wangu ni wa kubadilishana: unampa wakala gari lako la zamani, unaongezea, unaondoka na jipya. Hapa ndipo hesabu zinapochanganywa.

Wakala wa kwanza alinipa bei nzuri mno ya gari langu, mpaka nikashtuka. Nikamwomba aniandikie karatasi mbili tofauti, moja ya bei ya gari jipya kana kwamba nalipa taslimu na sina gari la kumpa, nyingine ya bei anayonunulia la kwangu. Akasita sana. Ilipotoka, punguzo la gari jipya aliloniahidi mwanzo halikuwepo tena, na lilikuwa karibu sawa na ile ziada aliyoniongezea kwenye la zamani. Nilimshukuru nikaenda kwingine.

Wakala wa pili niliingia na utaratibu wangu. Kwanza tukamalizana bei ya gari jipya, yote, pamoja na usajili, ada za makaratasi na kila kilichowekwa juu: mazulia, rangi ya kukinga kutu, kengele ya wizi. Vingi nikavikataa. Bei ilipoandikwa na kugongwa muhuri ndipo nikataja gari la zamani, nikiwa tayari na bei ya mnunuzi wa nje. Mkopo ukaja mwisho kabisa. Yalikuwa mazungumzo matatu, na sikuruhusu yaunganishwe.

Na kama gari lako la zamani bado lina deni, uliza deni hilo linakwenda wapi. Wengine wanalibeba na kulimwaga ndani ya mkopo mpya, na unaanza siku ya kwanza ukidaiwa zaidi ya thamani ya gari unaloendesha.

Fundi wa Gereji

Mimi nawaletea jambo la siku ya kukabidhiwa, maana watu wanadhani gari jipya halikaguliwi. Linakaguliwa!

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17. Isome kwenye gari lenyewe, kwenye kioo cha mbele chini na kwenye nguzo ya mlango, ilingane na ya kwenye mkataba wa mkopo, bima na ankara, herufi kwa herufi. Mteja wangu mmoja alicheleweshewa fidia ya bima kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa ofisini kwa muuzaji.

Kisha tazama tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ukikuta tairi za miaka miwili nyuma kwenye gari "jipya kabisa", gari hilo huenda limesimama yadi muda mrefu. Si lazima liwe baya, lakini betri yake huenda imechoka na bei yake haipaswi kuwa ya gari lililotoka kiwandani juzi. Funua na chini ya sakafu ya buti. Siku hizi mengi hayana tairi ya akiba, yana kichupa cha gundi na pampu ndogo. Kama safari zenu zinapita njia mbovu, hilo mlizungumze kabla ya kulipa.

Halafu waranti. Isome ibara ya servisi: wapi pa kufanyia, kila kilomita ngapi au miezi mingapi, na ushahidi upi unatakiwa. Tunza kila risiti.

Mleta mada

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimerudi na swali. Wakala mmoja amenipa mpango wa rejesho dogo mno kwa miaka mitatu, kisha mwishoni kuna "malipo makubwa ya mwisho". Anasema nikifika hapo naweza kurudisha gari au kukopa tena. Nani amepitia?

Mnunuzi wa Pili

Dada yangu aliuchukua huo na ulimfaa, kwa sababu kazi yake ilimpa malipo ya mkupuo mwishoni mwa mkataba na aliyatenga. Hesabu ni hii: mkopo wa 80, riba inayopungua 12%, miaka 3. Kwa kawaida rejesho ni 2.66 kwa mwezi na riba yote 15.7. Ukiacha 30 ilipwe mwishoni, rejesho ni 1.96 na riba inapanda hadi 20.6, na ile 30 bado inakusubiri. Sasa soma masharti ya kurudisha: kikomo cha kilomita, gharama ya kila kilomita inayozidi, na nani anaamua mkwaruzo upi ni uchakavu wa kawaida. Kwa familia yenye watoto watatu, mimi nisingeweka matumaini yangu kwenye kurudisha.

Mama Watatu

Kwa watoto watatu viti vya ndani peke yake vinatosha kukukatalia. Naunga mkono.

Karani wa Mikopo Mstaafu

Nalijazia moja ambalo sijaona limetajwa, nalo ni bima. Gari likiibwa au kuharibika kabisa, bima kubwa kwa kawaida inalipa thamani ya soko ya siku hiyo, wala haiangalii unadaiwa ngapi. Ukikopa 100 yote bila kianzio, kwa 12% na miaka 6, baada ya mwaka mmoja bado unadaiwa karibu 88. Kama gari limeshuka hadi 80, benki italipwa zile 80 na wewe utabaki ukirejesha 8 za gari ambalo halipo. Ipo bima ya kuziba pengo hilo. Ukiuziwa na wakala, pata na bei ya kampuni ya bima kwanza. Lakini dawa ya bei rahisi zaidi ni kianzio. Ukiweza kufika 20% na muda usizidi miaka 4, pengo hilo mara nyingi halipati nafasi ya kutokea.

Mleta mada

Basi ule mpango wa malipo makubwa nimeuacha. Kesho naomba karatasi ya bei peke yake kutoka kwa mawakala wawili, na barua ya benki yangu nimeshaiomba. Wakinijibu nitaziweka hapa kwa asilimia, bila majina, mnisaidie kuzisoma. Viti vya watoto viko kwenye buti tayari.