Kweme kwa mzazi, na je naweza kuipanda kwenye mwembe?

MgeniShambani: Wakuu habarini. Wife kajifungua, mama mkwe kashuka na kweme, zile mbegu za mmea wa jamii ya maboga unaopanda juu ya miti, kutoka Lushoto anasema zinaleta maziwa, anazisaga anamwekea kwenye uji kila asubuhi. Kweli zinasaidia au ni mila tu? Na nina mwembe mkubwa nyuma ya nyumba, nikipanda hapo si nitapata zangu maana sokoni bei imechangamka.

MamaTupu: Hongereni jamani. Sisi Wachaga kweme ndo chakula cha mzazi, tunatwanga tunaweka kwenye mtori. Maziwa kuongezeka wazee wanaamini na mimi nimelishwa uzazi wote, ila cha uhakika ni kwamba kile kiini zaidi ya nusu ni mafuta, na protini ipo, so mzazi anapata nguvu. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara, maziwa yanafuata hapo, na yakigoma nendeni kliniki msikae na kweme tu. Halafu mmenye vizuri, lile ganda lenye nyuzi ni chungu balaa.

Babu_Shamba: Kijana mwembe wako uache!! Kweme inapanda hata mita 30, shina linakuwa gumu kama mti, inatandaza majani juu mwembe unakosa jua, hapo bado matunda, moja linaweza kufika kilo 15. Mti unakufa umesimama. Tafuta mti ambao hata ukifa hutalia, au piga chanja ya nguzo za maana.

Kingine, kuna dume na jike, kila mmoja mmea wake, na kwa mbegu hujui umepata nini mpaka itoe maua, mwaka na nusu huko. Ya dume yanakuja kwa vichala, la jike liko peke yake na nyuma yake unaona kitunda kidogo. Dume moja linatosha majike kumi hivi. Ukishalijua jike kata vipande vya shina upande, acha kubahatisha na mbegu.

MgeniShambani: Duh mwaka na nusu halafu litoke dume 😂 Shukrani mzee. Majani je, mboga?

Babu_Shamba: Wa majani ni ndugu yake wa Nigeria, wanauita ugu. Huu wetu subiri mbegu, tunda likikomaa linapasuka lenyewe huko juu zinamwagika, wahi kuokota kabla ya watoto wa jirani.