Kutoka darasani kwenda kazi za elimu na maendeleo ya kimataifa: mlango uko wapi?

Mwalimu wa Darasa la Pili, Kasulu

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu, nina shahada ya elimu na nimeajiriwa na halmashauri. Kwa muda mrefu nimetamani kazi za elimu na maendeleo ya kimataifa, kwa sababu mambo mengi yanayoamuliwa kuhusu darasa langu huandikwa na wageni wanaofika kwa gari, wakakaa nusu saa na kuondoka. Nimedahiliwa shahada ya uzamili nje ya nchi, ila ufadhili sijapata. Naomba kuuliza mambo mawili. Kazi zenyewe ni zipi hasa, maana matangazo hutaja vyeo bila kueleza mtu anashinda akifanya nini? Na je, baada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa mwaka 2025, kuna sababu ya mtu mwenye ajira ya kudumu kuhangaika na njia hii?

Mpimaji, Dodoma

Mwalimu, hongera kwa udahili. Nitajibu swali la kwanza tu, la fedha nawaachia wengine. Wapo wanaoandika maandiko ya miradi, wapo wanaosimamia fedha za wafadhili, wapo wanaoandaa vitabu na mafunzo ya walimu kazini, na tupo sisi wa upimaji, ufuatiliaji na tathmini. Kwa maoni yangu, huku kwetu ndiko mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anakoingia akiwa na kitu ambacho wengine hawana.

Chukua upimaji wa stadi za kusoma unaoitwa EGRA. Mtoto huketi mbele ya mpimaji, hupewa aya fupi, na saa huanza kuhesabu anapotamka neno la kwanza. Mpimaji hupiga mkwaju (/) kwenye kila neno lililokosewa, na sekunde ya 60 inapotimia huweka mabano baada ya neno la mwisho lililosomwa. Ni rahisi machoni, mpaka mtoto ajisahihishe mwenyewe, au atamke neno kwa lafudhi ya Kiha, na mpimaji asiyewahi kufundisha akaandika kosa ambalo kwa kanuni si kosa. Makosa ya namna hiyo yakirudiwa katika shule nyingi hugeuka kuwa takwimu ya mkoa, na takwimu ya mkoa hugeuka kuwa uamuzi. Ukiwa na jicho hilo la darasani, kisha ukajifunza kusafisha na kuchambua data, kwanza kwa Excel, baadaye kwa programu za takwimu kama Stata au R, utatafutwa. Pa kuanzia pasipohitaji uzamili papo pia: tathmini za kusoma na kuhesabu za Uwezo, zilizoanza mwaka 2009 hapa Tanzania, Kenya na Uganda, zimefanywa kwa kuwatumia watu wa kujitolea wanaowapima watoto majumbani.

Afisa Elimu ya Dharura, Kakuma

Mwalimu mwenzangu, kwa kuwa uko Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ni jirani yako, kwa hiyo nadhani umeifikiria. Fahamu tofauti moja kubwa. Huku Kakuma, Kenya, watoto wakimbizi hufuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo Mkenya mwenye cheti cha ualimu anaweza kuajiriwa kufundisha. Kwenu, Wakongomani hufuata mtaala wa Kongo na Warundi wamekuwa wakifuata ule wa Burundi, na wanaofundisha ni wakimbizi wenyewe wanaolipwa posho. Nafasi ya Mtanzania huko kwa kawaida ni ya usimamizi: mafunzo ya walimu, ulinzi wa mtoto, vifaa, ripoti. Viwango vya chini vya INEE, mtandao wa kimataifa wa elimu wakati wa dharura, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, visome kabla hujaitwa kwenye usaili, kwa sababu utaulizwa. Kifaransa nacho kitakusaidia kuliko unavyodhani.

Mshauri wa zamani wa miradi, Dar es Salaam

Hofu yako ina msingi, Mwalimu, na anayekuambia kwamba hali itarudi kama zamani anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Amri ya kusimamisha misaada ya Marekani ilitoka tarehe 20 Januari 2025, na ilipofika Julai mosi kilichobaki cha USAID kilikuwa kimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba itapunguza msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027. Hata hivyo, fedha za elimu hazikuwa za wafadhili hao peke yao. Mradi wa BOOST wa elimu ya msingi, wa dola milioni 500, ni mkopo wa Benki ya Dunia unaotekelezwa na serikali yetu. Kwa hiyo usidharau Wizara ya Elimu, TAMISEMI na ofisi za mikoa. Huko nako ni kazi za maendeleo, ingawa hakuna anayezitangaza kwa mbwembwe.

Kuhusu Umoja wa Mataifa, usianze na ngazi za P, yaani za wataalamu wa kimataifa, ambazo unashindana na dunia nzima. Ngazi za NO, yaani maafisa wa kitaifa, ni za raia wa nchi husika tu, na mpango wa watu wa kujitolea wa UNV una nafasi za ndani ya nchi. Uzamili usiusome kwa fedha zako. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, hulipia, lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Na tafadhali usiache kazi. Omba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Kasulu

Nashukuruni sana. Mpimaji, je, miaka ya darasani huhesabiwa kuwa uzoefu kwenye maombi hayo?

Mpimaji, Dodoma

Huhesabiwa, mradi usiandike "nilifundisha darasa la pili" ukanyamaza. Eleza ulikuwa na wanafunzi wangapi, ulijuaje nani hajui kusoma mwanzoni mwa mwaka, ulifanya nini, na wangapi walisoma ilipofika Novemba. Kama kumbukumbu hizo huna, anza kuziweka muhula huu.